Usisaini Kitu Ukiwa na Hasira

Juzi usiku dada mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Kaka, leo siku ya nne tumegoma. HR katuletea karatasi tusaini, kesho tulipwe chetu tuondoke. NSSF watanipa ile hela ya kukosa ajira?"

Nikaacha ugali mezani. Karatasi hiyo naijua.

Mwaka 2021 nilikuwa kiwandani Dar, mwaka wa tano, upande wa kupakia. Ovataimu hailipwi, tukaanza mgomo baridi: unaingia, unakaa, mashine huwashi. Hakuna aliyepeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kura ya kugoma hatukupiga, wala mwajiri hatukumpa ile notisi ya kisheria ya saa 48. Watu wa chama cha wafanyakazi walitukanya tukawaita waoga. Na mimi ndiye niliyepayuka kuliko wote, nisiwafiche.

Siku ya tatu tukaitwa mmoja mmoja. Bahasha iko mezani. "Ndugu yangu, saini uchukue chako, tusifikishane mbali." Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Nikasaini bila kusoma. Kichwa cha habari kilikuwa: kuacha kazi kwa hiari.

NSSF binti wa dirishani aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa upole, "Uliacha mwenyewe, kaka?" Upole ule unaniuma mpaka leo. Fao la kukosa ajira ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Mimi nilikuwa na zaidi ya miezi 50! Lakini aliyeacha kazi mwenyewe halimhusu. Mwenzangu wa bohari aligoma kazi, na kusaini pia akagoma. Kiwanda kilipopunguza watu baadaye, barua yake ikasema amepunguzwa, na akalipwa. Mimi nikawa nauza maji ya chupa Ubungo.

Mwisho nikajikokota CMA, siku ya 47. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufungua shauri. Wakaniambia niombe kusamehewa ucheleweshaji, nieleze sababu. Sababu ilikuwa aibu, na aibu haina mahali pa kujaza kwenye fomu.

Sasa dada, na nyie wengine mnaopenda kupaza sauti kama mimi: ukiwa kwenye mgomo wewe bado ni mwajiriwa, kwa hiyo fao hilo bado si lako. Na hata mgomo ukiwa halali kabisa, mwajiri halazimiki kukulipa siku ambazo hukufanya kazi. Hapo katikati hakuna mtu wa kukulisha. Weka akiba kabla ya kuweka msimamo. Wakileta karatasi, usisaini. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, isome. Halafu usisaini. Wakikufukuza, wakupe barua yao wenyewe, na siku zako 30 anza kuzihesabu hapo hapo. Jamani, someni! Shilingi mia za vocha mnazikagua, riziki ya miaka mitano mnaitia kalamu mkiwa mmesimama.

Nimemjibu hayo yote saa sita usiku. Asubuhi kanitumia picha ya karatasi. Pale chini pa saini bado peupe. Ila wenzake kumi na mmoja, anasema, walishasaini jana yake.