Kisahani, jini au karabai? Maswali yenu kuhusu waangalia mbingu

Mwezi uliopita niligusia, kwa mistari minne tu, kwamba nilipokuwa nasoma kaskazini mwa Uingereza niliingia kikundi cha wapenzi wa UFO, yaani vile vitu vya angani visivyotambulika ambavyo wengi tunaviita visahani. Mistari hiyo minne imeniletea barua nyingi kuliko makala zangu zote za bei ya mbolea. Haya, nimejifunza. Nimechagua chache.

Shikamoo mwandishi. Hivi watu wazima mnakutana kufanya nini? Mnakaa kilimani mkisubiri kisahani kitue? (Mama wa wawili, Morogoro)

Marahaba mama. Kilimani tulikwenda mara mbili kwa mwaka, Agosti na Desemba, nyakati za mvua ya vimondo, ili angalau tusikose cha kutazama. Mara nyingi tulivuna mafua.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mezani. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tulikodi chumba cha juu cha klabu ya wastaafu. Watu kumi wakijitokeza, tunasema leo tumejaa. Palikuwa na fundi wa lifti, dereva wa basi, mwalimu wa hisabati aliyestaafu, birika kubwa la chai, na biskuti ambazo mhazini alizihesabu kabla na baada. Yanasomwa mashauri moja moja: nani kaona, saa ngapi, alisimama wapi, alitazama upande gani. Mmoja anafungua programu ya nyota, mwingine anaangalia ndege zilizopita usiku ule, mwingine upepo. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilifunga dawati lake la kupokea taarifa za namna hii mwishoni mwa 2009, kwa hiyo mtu akiona kitu leo, wa kumsikiliza ni vikundi kama hivi au wenzake wa kilabuni.

Mwenyekiti wetu alikuwa mama wa miaka sabini, muuguzi mstaafu, na alikuwa na masharti. Shuhuda anachora kwanza, anasimulia baadaye. Mke na mume wanachora vyumba tofauti. Na ole wako umuulize mtu, "Kilikuwa cha duara?" Unauliza, "Uliona nini?" kisha unafunga mdomo.

Siku moja nilimsindikiza kwa bibi mmoja mjane aliyeona taa sita za rangi ya chungwa zikipita juu ya nyumba bila sauti. Mwenyekiti hakugusa karatasi mpaka chai ilipoisha. Kisha akamwomba bibi asimame palepale dirishani, anyooshe mkono akiwa ameshika sarafu, aseme kama taa moja ingefichwa yote au ingechomoza. Akapima upande kwa dira. Zile taa zilitokea kusini-magharibi, na upepo wa usiku ule ulivuma kutoka hukohuko. Kesho yake tulikuta, kwenye ua wa michongoma mitaa miwili mbele, duara la waya mwembamba lenye kipande cha karatasi kilichoungua. Zilikuwa taa za karatasi za kurusha hewani, na mtaa wa nyuma kulikuwa na harusi. Tulipomrudishia habari, bibi aliuliza jambo moja tu: nani kaoa?

Kimondo chetu cha Mbozi hakiwezi kuwa kipande cha chombo cha viumbe wa huko juu? (Msomaji, Vwawa)

Hapana. Kimepimwa: karibu asilimia 90 ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli, mchanganyiko wa kawaida wa vimondo vya chuma. Ila kaulizie tena njia, ukakiguse. Kitu kilichotoka anga za mbali kikaja kulala Songwe kimeshakuwa ajabu ya kutosha, rubani wa nini tena?

Kaka, saa moja na nusu usiku nimeona nyota kama thelathini zimefuatana kama siafu, kimya kabisa, zikazimika moja baada ya nyingine katikati ya mbingu. Ndugu zangu wananicheka. (Bodaboda, Kigamboni)

Wakuombe radhi. Kwa maelezo yako hizo ni setilaiti za Starlink za kampuni ya SpaceX. Kundi la kwanza la 60 lilirushwa Mei 2019, na Uholanzi watu walianza kuandikisha visahani siku hizohizo. Zikiwa ndiyo kwanza zimeachiwa, huwa zimebanana. Baadaye huachana na kupanda hadi kama kilomita 550.

Kule kuzimika ndiko kunakotisha watu, na ndiko kwenye jibu. Hazina taa. Zinang'aa kwa jua, ambalo kwako limeshazama lakini kule juu bado linawaka. Zikiingia kwenye kivuli cha dunia, zinatoweka, na kwa kuwa ziko kwenye foleni, zinatoweka kwa foleni. Ndiyo maana utaziona baada ya magharibi au kabla ya alfajiri. Ukiona msururu kama huo saa sita usiku hapo Kigamboni, hapo niandikie upesi.

Assalaam alaykum. Shehe wetu asema haya yote ni majini, wazungu wamekosa jina tu. Wasemaje? (Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa)

Waalaykum salaam. Kubishana na shehe kuhusu majini si kazi ya safu hii, na sina elimu hiyo. Naweza kukuambia tu tulivyofanya kikundini, ambako pia alikuwepo bwana mmoja aliyesema ni malaika. Hakufukuzwa. Aliambiwa jina lije mwisho.

Jina likitangulia, linaliongoza jicho. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold aliona vitu tisa vikipita kasi karibu na Mlima Rainier, Marekani. Aliwaambia waandishi kwamba vilikwenda kwa kurukaruka, kama kisahani ukikirusha juu ya maji. Alikuwa anaeleza mwendo. Alipochora umbo, mchoro ulifanana zaidi na kisigino cha kiatu. Magazeti yakashika neno "kisahani", na tangu hapo watu wakaanza kuona sahani angani, za duara, safi kabisa, kama zimetoka kabatini. Sasa mtoto aliyelelewa Mji wa Kale kwa hadithi za majini, akiona taa juu ya kichaka usiku, unadhani ataona sahani?

Nimeangalia video ya wanafunzi wa Zimbabwe walioona viumbe karibu na shule. Wale watoto walisema uongo? (Mwalimu, Iringa)

Hili ndilo swali lililoulizwa na wengi, basi nikae nalo.

Ijumaa, tarehe 16 Septemba 1994, katika Shule ya Ariel huko Ruwa, nje kidogo ya Harare, watoto walikuwa kwenye mapumziko na walimu kwenye kikao. Watoto 62, wa kati ya miaka 6 na 12, walisema waliona kitu au vitu vinavyong'aa vichakani nje ya uwanja, na baadhi yao wakaona kiumbe mmoja au zaidi, wenye mavazi meusi na macho makubwa. Siku chache baadaye alifika Cynthia Hind, mkazi wa Zimbabwe aliyekuwa akichapisha jarida la UFO Afrinews, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa kama kikundi cha mtu mmoja kwa bara zima. Miezi kama miwili baadaye akaja John Mack, daktari wa akili kutoka Chuo Kikuu cha Harvard.

Watu husahau kusimulia usiku wa tarehe 14, siku mbili kabla. Mwanga mkubwa ulipita juu ya nchi za kusini mwa Afrika, ukaonwa na watu wengi mno. Kilikuwa kipande cha roketi ya Urusi kikiungua kwa kurudi duniani. Kwa hiyo Ijumaa ile habari za visahani zilikuwa tayari mdomoni mwa kila mtu.

Uongo? Sidhani. Wengi wao leo ni watu wazima na bado wanasimulia kwa namna ambayo mimi sina ujasiri wa kuiita uongo. Tatizo langu ni namna walivyohojiwa. Watoto walihojiwa kwa makundi, huyu akisikia anachosema yule, na wikiendi nzima ilikuwa imeshapita nyumbani na uani. Habari kwamba viumbe walitoa ujumbe kuhusu kuharibu dunia ilijitokeza zaidi kwa Mack, aliyefika mwisho. Wewe ni mwalimu, unajua: uliza darasa zima nani kavunja dirisha, halafu uliza mmoja mmoja, uone kama utapata dirisha lilelile. Mwenyekiti wetu alikuwa akiona ile video anatikisa kichwa. "Wangepewa penseli siku ileile," alisema, "kila mmoja kona yake." Kulikuwa na michoro, ndiyo, na mingine inafanana sana. Lakini kama inafanana kwa sababu ya macho au kwa sababu ya masikio, sasa hakuna awezaye kutenganisha.

Kwa sababu hiyohiyo BUFORA, chama cha siku nyingi cha wachunguzi wa UFO Uingereza, kilijizuia kutumia hipnosisi kwa mashuhuda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtu aliyelazwa nusu usingizi hukujibu unachotaka kusikia.

Makueni tuliangukiwa na pete kubwa ya chuma. Kikundi kama chenu kingetusaidia nini? (Msomaji, Wote)

Kuhusu kutambua, kidogo tu. Ile pete iliyoanguka kijiji cha Mukuku tarehe 30 Desemba 2024, kipenyo mita 2.5 na uzito kama kilo 500, Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikuja likaichukua na kusema ni sehemu ya roketi. Lakini kabla hawajafika, kikundi kina kazi: kuandika saa ya mshindo, kelele ilitokea upande gani, kupiga picha ukiwa umeweka jembe au kitu kingine chenye urefu unaojulikana kando yake, na kuzuia watoto wasiiguse pete, maana mabaki ya roketi yanaweza kuwa na moto au sumu ya mafuta. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo inawajibika kulipa madhara yake ardhini hata kama haikuzembea. Kudai lakini kunataka ushahidi, na ushahidi wa siku ya kwanza haurudi. Nasikia watu wa huko walianza kwa kupiga picha za kujirekodi wakiwa wamekaa juu yake. Sishangai. Mimi pia ningekaa.

Mimi ni mwalimu wa ajira mpya, nimetokea Dodoma, nipo Kilwa mwezi wa pili sasa. Usiku naona taa zimening'inia juu ya bahari, zinatetemeka, mara moja inakuwa mbili. Wenyeji nikiwauliza wanacheka. (Mgeni, Kilwa Masoko)

Wanacheka kwa sababu ndizo zinazowalisha. Karibu pwani, mwalimu. Hesabu: zinaonekana usiku wa giza na zinapungua mwezi ukiwa mpevu? Basi ni wavuvi wa dagaa na taa zao. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Kuning'inia na kugawanyika mara mbili ni kazi ya hewa. Ile iliyolala juu ya maji ikiwa baridi kuliko ya juu yake, mwanga unapinda na taa inaonekana imeinuka. Ni sarabi, ile ile ya lami ya mchana, isipokuwa imegeuzwa. Jumamosi nenda sokoni alfajiri ukanunue UFO kwa fungu.

Kuna mtu hapa anakusanya shilingi 50,000 za kiingilio, anasema mwezi ujao atatukutanisha na wageni wa angani. (Kijana, Dodoma)

Mwambie awalete kwanza, watajilipia wenyewe.

Kwa miaka yote hiyo, hamkupata hata kimoja cha kweli? (Msomaji, Bukoba)

Tulibakiwa na kimoja. Dereva wa lori, alfajiri, barabara tupu, mwanga mweupe uliokwenda naye sambamba kisha ukageuka ghafla dhidi ya upepo. Sayari ya Zuhura haikuwa imechomoza. Hakukuwa na ndege kwenye kumbukumbu. Tuliliweka mezani miezi minne, kisha mwenyekiti akaandika "halijatambuliwa" na kufunga jalada. Bwana wa malaika alitaka kuongeza mstari, akanyimwa kalamu.

Wakubwa nao walibakiwa. Jeshi la Anga la Marekani, katika mradi wake wa Blue Book uliofungwa 1969, lilikusanya taarifa 12,618, na 701 hazikutambuliwa. Kuna wanaosoma hiyo 701 kama wageni 701. Mimi naisoma kama mashauri 701 ambayo pengine hakuna aliyefika na dira mapema.

Shikamoo. Mimi na wenzangu watano tunataka kuanzisha kikundi shuleni. Hatuna darubini. (Mwanafunzi, Kidato cha Pili, Kahama)

Marahaba mwanangu. Darubini msihangaike nayo, kitu kinachopita kasi hakikusubiri uizungushe. Mnahitaji daftari, saa, dira ya kwenye simu, na mkono. Nyoosha mkono mbele: ngumi yako ni kama digrii 10, kidole cha mwisho ni kama digrii 1, na mwezi mpevu ni nusu ya kidole hicho. Jaribuni leo, wengi hawaamini kwamba mwezi ni mdogo hivyo.

Miezi miwili ya kwanza msitafute cha ajabu. Jifunzeni vya kawaida: Zuhura ikae wapi jioni, Mshtarii, Kilimia, ndege zinazopita na taa zake zinavyoonekana zimesimama zikikujia usoni. Kila mmoja aandike peke yake kabla ya kusemezana. Na mwanachama wa kwanza mumwombe mlinzi wa usiku. Yuko macho mpaka asubuhi, na sidhani kama kuna mtu amewahi kumuuliza ameona nini.