Muulize Bwana Miti: Msitu wa babu na mbao za kaka

SWALI: Shikamoo Bwana Miti. Babu yetu alituachia msitu wa ekari kama 12 huku Bulwa, mahali ambapo ukungu hautoki hadi saa nne asubuhi. Kaka zangu wanataka tupasue mbao, kisha tupande iliki. Mimi na dada hatutaki. Kijana mmoja anayetembeza wageni anatushauri tuufanye hifadhi binafsi, tujenge vibanda vya watalii kama Costa Rica. Sheria inaruhusu? Na majirani wanaookota kuni mle, tuwafukuze? – Mjukuu wa kike, Muheza

JIBU: Marahaba, mjukuu. Sheria inaruhusu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inautambua msitu wa mtu binafsi, hata ulioko kwenye ardhi ya kijiji, ilimradi mnaumiliki kwa haki ya kimila. Basi kabla ya kibanda na kibao cha "Karibu", nendeni kwa mtendaji wa kijiji mkaombe hati ya hakimiliki ya kimila. Majina yenu yote yaandikwe, la kwako na la dada yako yakiwemo. Hati ikitoka kwa jina la kaka mkubwa peke yake, msishangae siku mkisikia msumeno.

Huyo kijana wa wageni hadithi ameianzia mwisho. Mahali anaposema panaitwa Monteverde. Waliohamia pale mwaka 1951 walikuwa wakulima wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker kutoka Alabama, Marekani, wakafuga ng'ombe wa maziwa na kutengeneza jibini. Msitu wa juu waliutenga kwa kuwa maji yao yalitoka huko. Mtalii hakuwemo kwenye hesabu. Hifadhi binafsi yenyewe ilikuja 1972, na wanawake wa pale wakaunda ushirika wao wa kazi za mikono 1982. Wageni walipoanza kumiminika, wenyeji walikuwa tayari na riziki yao. Na msidhani hifadhi ni dawa ya kila kitu: yule chura wa rangi ya dhahabu aliyekuwa akipatikana milima ile tu hajaonekana tangu 1989.

Kumtegemea mteja wa mbali tumeshakuonja hapa Amani, kwenye milima yetu ya Usambara Mashariki. Wanakijiji walifuga vipepeo, wakauza pupa (kipepeo akiwa bado ndani ya ganda lake) kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani, ada za shule zikalipwa. Mwaka 2016 serikali ikasitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia mkumbo huohuo. Kwa hiyo kibanda cha mgeni kiwe cha mwisho kwenye orodha yenu.

Cha kwanza ni maji. Ingieni humo alfajiri ambayo mvua haijanyesha, msimame chini ya mti mkubwa wenye ndevu za kijani matawini: mtatoka na mabega yameloa. Ukungu unanaswa na majani, unadondoka, udongo unaunywa taratibu. Tokeni hatua chache hadi kwenye shamba lililofyekwa, vumbi. Wapelekeni kaka zenu huko kabla ya kikao cha familia.

Iliki nayo inawadanganya wengi kwa kuwa inapenda kivuli. Miti mikubwa inabaki, mtu anaona msitu upo. Lakini ili iliki ikae lazima ufyeke chini, na unachofyeka ndiyo miche ya miti ya kesho. Baada ya miaka kadhaa udongo unachoka, mkulima anasogea mbele.

Kaka wakishikilia mbao, tazameni kama mna misizi. Mti huu si wa huku. Uliletwa, ukapandwa sana Amani, na hondohondo wanakula matunda na kusambaza mbegu kila palipo na uwazi. Ombeni kibali kwa ofisa misitu wa wilaya, mpasue huo. Msambu msiuguse. Matunda yake makubwa huanguka yenyewe, na mbegu zake zina mafuta yanayoganda, yanayouzika. Wanawake wa milimani wanazijua kazi hizo kuliko mimi.

Majirani? Thubutu, msiwafukuze! Mkiwafukuza watarudi usiku, na wa usiku hachagui mti. Kaeni nao, mkubaliane siku za kuni, iwe kuni kavu za kuokota tu, panga libaki nyumbani. Na wanaojua dawa za miti waruhusuni kuchuma bila kubandua gome mzunguko mzima.

SWALI: Mimi nakaa Ngamiani, mlima nauona kwa mbali tu. Misitu hiyo yanihusu nini? – Mpangaji, Tanga

JIBU: Fungua bomba. Maji yako yanatoka bwawa la Mabayani, linalojazwa na mto Zigi, na Zigi unaanzia kwenye milima hiyohiyo ya Usambara Mashariki. Mvua ikisomba udongo wa mashamba ya juu, tope linaishia bwawani, na kulisafisha ni gharama. Ndiyo maana wakulima wa bonde hilo wana umoja wao wa kutunza vyanzo, UWAMAKIZI, na mamlaka ya maji ya Tanga imeshirikiana nao. Mamlaka hiyohiyo mwaka 2024 ilitoa hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya kupanua huduma ya maji. Mabomba mapya yatafika mtaani kwako. Cha kuyajaza anakitunza mkulima wa Zigi, basi ukikuta iliki au mdalasini wake sokoni, usimbane sana kwenye bei.