Kujifunza ngoma ukubwani
Dada yangu wa Kisauni, umeuliza kama miaka 45 ni kuchelewa kujifunza kupiga ngoma, na viganja vinakuuma. Hujachelewa hata kidogo. Anza na chapuo, ile ngoma ndogo ya chakacha, mchezo wa harusi za Pwani: mapigo yake huhesabiwa sita sita, nawe umeyacheza harusini tangu utotoni, mwili unayajua. Piga polepole ukihesabu kwa mdomo. Mkono ukigusa ngozi uinuke papo hapo. Ukiukandamiza, sauti inakufa na kiganja kinaumia. Ngozi ikilegea kwa unyevu, ianike juani kidogo.

Raha yenyewe iko katika kupiga na wenzako: utajifunza kulisikiliza vumi, ile ngoma kubwa ya sauti nzito, kabla ya kujibu. Hapo ndipo woga wa kukaa mbele za watu uliponitoka. Ganzi au uvimbe usipoisha, pumzika, umwone daktari.