Mkazo wa kamba inayoinua ndoo

Swali: kamba inainua ndoo ya kilo 10 kwenda juu kwa mchapuko (kiwango cha kubadilika kwa mwendo) wa 2 m/s²; mkazo wake, yaani kani ambayo kamba inavuta nayo, ni kiasi gani? Umezidisha 10 kwa 2 ukapata nyutoni 20, halafu unashangaa kitabu kinasema mkazo wa kamba ni 118. Hesabu yako si mbovu. Hizo 20 ni kani halisi, yaani kile kinachobaki baada ya kamba kuvuta juu na dunia kuvuta chini. Kanuni ya pili ya Newton (kani = tungamo × mchapuko) huzungumzia hicho kilichobaki, si kamba peke yake.

Chora ndoo, kisha mishale miwili tu: mkazo T kwenda juu, uzito kwenda chini. Uzito ni kilo 10 × 9.8 (mchapuko wa mvutano wa dunia) = 98 N. Basi T − 98 = 20, na T = 118 N. Kamba ya nyutoni 20 isingeweza hata kuizuia ndoo isianguke!

Sasa penye mtego, na hapa wengi huteleza (hata mimi niliteleza): ndoo bado inapanda, ila inapunguza mwendo kwa 2 m/s². Mchapuko unaelekea chini, kwa hiyo T = 98 − 20 = 78 N. Inapanda, lakini mkazo ni mdogo kuliko uzito. Ikipanda kwa mwendo usiobadilika, T ni 98 kamili, iwe polepole au mbio.

Kwa hiyo usiulize ndoo inaelekea wapi. Uliza mwendo wake unabadilikaje. Na kamba inayohimili 110 N? Ukitoa uzito zinabaki 12 N kwa kilo 10, basi ivute juu kwa mchapuko usiozidi 1.2 m/s².