Lenzi ikichelewa kushika fokasi, usiitie oili

SWALI: Habari za kazi, fundi. Napiga picha za harusi hapa Mwanza kwa Canon EF 85mm f/1.8 USM. Usiku ukumbini lenzi inakwenda mbele na kurudi nyuma, haishiki fokasi. Fundi mmoja wa huku Igoma anasema mota imekauka, aitie oili ya cherehani. Nimpe?

JIBU: Usimpe, ndugu yangu. Lenzi zilizotiwa oili naletewa kila mara, na huwa zinafika kwangu zikiwa zimechelewa.

Mota ya lenzi yako, ndiyo hiyo iliyoandikwa USM, haikauki, kwa sababu haitakiwi kuwa na oili tangu mwanzo. Ni pete mbili zilizokandamizwa pamoja kwa springi. Pete moja imegandishwa kauri ambayo ikipata umeme hutetemeka kama mara 30,000 kwa sekunde, mtetemo ambao sikio halisikii. Hapo linazaliwa wimbi dogo mno, kama elfu moja ya milimita, linaloizunguka pete hiyo na kuivuta ile ya pili. Kinachovuta ni msuguano. Ukitia oili umeua msuguano, yaani umeua mota: wimbi linapita, pete ya pili inateleza palepale.

Moja niliyoletewa kutoka Ukerewe, nilipoifungua oili ilikuwa imetambaa mpaka kwenye vile vipande vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Vilikuwa vimegandana, vinameta rangi kama dizeli juu ya maji pale Mwaloni.

Na mota yako huenda ni nzima. Kesho mchana ilenge Jiwe la Bismarck, kisha mtu aliyesimama karibu nawe, kisha jiwe tena. Fokasi ikiruka papo hapo, mota haina kosa. Kamera ndiyo inayoielekeza mota pa kwenda, na ukumbini mwanga hautoshi, kamera haioni. Tumia pointi ya fokasi ya katikati, ulenge panapokutana rangi mbili, kama ukosi mweupe juu ya suti nyeusi. Shela tupu haina pa kushika.

Wala usikimbilie kununua lenzi nyingine kwa kusoma herufi USM. Canon EF 85mm f/1.2L II ina mota ya pete kama yako, lakini inajikokota, kwa kuwa vioo inavyosukuma ni vizito: lenzi nzima ina gramu 1,025, yako 425. Nayo 50mm f/1.4 imeandikwa USM, ila ndani yake kuna mota ndogo inayozungusha gia.

Kwa hiyo yeyote anayeshika bisibisi mbele ya lenzi yako, muulize kwanza: mota ya humu ni ya aina gani, na inasukuma kwa njia gani? Asipojua, au akianza kutafuta kichupa cha oili, chukua lenzi yako uondoke. Oili ikishaingia kati ya zile pete, lazima lenzi ifunguliwe yote, na hata ikisafishwa, si kila mota inarudi.