Sauti inaakisi au inaakisiwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha sayansi Darasa la Sita hapa Mikindani. Katika zoezi la wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliandika "sauti inaakisi ukutani", wa pili "mwanga unapinda ukiingia majini", na wa tatu "sauti inapindwa na maji". Sijawasahihishia bado, kwa sababu mwenyewe sina hakika. Tena babu wa mmoja wao, mzee mvuvi, ameniuliza kwa nini tumeacha kusema "sauti inarudi" kama walivyosema wazee. Na je, mwangwi si ndio huko kuakisiwa kwenyewe?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Umefanya vizuri kuyashikilia madaftari hayo, maana makosa ya watoto wako yamegusa mahali ambapo hata watu wazima wanateleza kila siku.

Nianze na huyo wa kwanza. "Akisi" ni kitenzi elekezi: lazima kiwe na mtenda na kitu kinachotendwa. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni kugeuza kitu kinyume. Sasa ukutani pale, nani anageuza na nani anageuzwa? Ukuta ndio unaogeuza. Sauti imekuja, imegonga, imegeuzwa. Kwa hiyo ni "ukuta unaakisi sauti" au "sauti inaakisiwa na ukuta". Ukisema "sauti inaakisi" ukanyamaza, msikilizaji anabaki akisubiri: inaakisi nini? Hata magazetini tunasoma kwamba bajeti "inaakisi hali ya wananchi", na hapo sentensi imekamilika kwa sababu kinachoakisiwa kimetajwa.

Babu usimkatalie. "Sauti inarudi" ni Kiswahili safi, na sipendi kabisa kuona neno la darasani likitumika kulifukuza neno la pwani. Tofauti ni kwamba "rudi" linasimulia safari ya sauti na kumwacha pembeni aliyeirudisha, ilhali katika sayansi tunataka kumtaja. Tena sauti au mwanga hauakisiwi kila mara kurudi ulikotoka. Ukifika kwa mshazari, unaondoka kwa mshazari upande wa pili, kwa pembe ileile. Kioo kikimulikwa na jua la asubuhi mlangoni, mwanga unakwenda kutua dari la jirani. Umeakisiwa, lakini haukurudi kwa jua.

Mwangwi sasa. Hili ndilo ninaloomba ulikazie, kwa sababu hata vitabu vinalichanganya. Kuakisiwa ni tendo linalotokea pale ukutani. Mwangwi ni kile sikio linachopata, yaani sauti ileile ikisikika mara ya pili, imejitenga na ya kwanza. Tendo laweza kutokea na mwangwi usiwepo. Sauti hewani huenda takriban mita 340 kwa sekunde, na sikio letu haliwezi kutenganisha sauti mbili fupi zikifuatana kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde hivi. Katika muda huo sauti imekwenda mita 34, kwenda na kurudi, kwa hiyo ukuta unapaswa kuwa mbali na wewe mita 17 au zaidi. Watoe watoto nje, wasimame mbele ya ukuta mrefu, wapige kofi moja moja wakirudi nyuma hatua kwa hatua. Mahali ambapo kofi litaanza kusikika mara mbili, hapo ndipo mwangwi umezaliwa. Kuakisiwa kulikuwepo tangu hatua ya kwanza.

Na chini ya mita hizo kunasikika nini? Ingia ghala la korosho kabla ya msimu, likiwa tupu. Kohoa. Sauti inaning'inia, inajaa ghala zima, wala huwezi kusema imekujibu mara ngapi. Huo ni mvumo. Rudi Oktoba magunia yamepangwa hadi karibu na paa, kohoa tena: imemezwa. Fizikia inasema sauti imefyonzwa, lakini "imemezwa" nalo ni neno zuri na sioni ubaya mtoto akiliandika. Tuna mwangwi, tuna mvumo, na watu wanaviita vyote "mwangwi". Ni hasara kuwa na maneno mawili ukatumia moja.

Tuje kwa "pinda". Kitenzi hiki kina tabia nyingine. Fundi anapinda nondo, na nondo yenyewe imepinda: kinaweza kubeba kitendwa, na kinaweza kusimama peke yake. Kwa hiyo "mwanga unapinda ukiingia majini" ni sahihi bila shaka yoyote. Mwanga unapunguza mwendo, kutoka kilomita 300,000 kwa sekunde hadi kama 225,000, na ukiwa umeingia kwa mshazari unabadili mwelekeo pale pale juu ya maji. Chukua pondo, lichomeke majini kwa mshazari ukiwa umesimama kando ya mtumbwi. Sehemu iliyozama inaonekana imenyanyuka juu kidogo, kana kwamba limevunjikia kwenye uso wa maji. Hapo mtoto asiandike "pondo limepinda". Aandike "linaonekana limepinda", kwa kuwa kilichopinda ni mwanga. Babu mvuvi anajua haya vizuri kuliko sisi: anayechoma samaki kwa mkuki hulenga chini ya pale anapomwona.

Kwa nini kubadili mwendo kulete kupinda? Waite watoto wawili wabebe boriti, kila mmoja ncha yake, watembee bega kwa bega. Mmoja akipunguza mwendo, boriti inageukia upande wake. Basi. Mawimbi ya bahari hufanya hivyohivyo yakikaribia ufuko: ncha iliyofika kwenye maji ya kina kifupi hupunguza kasi, ncha iliyo kwenye kina kirefu inaendelea, na wimbi lililokuja likiwa limejikalia upande linaishia kuuelekea ufuko uso kwa uso.

Na sauti? Wewe unaishi kando ya ghuba, kwa hiyo umeshalisikia. Usiku upepo ukiwa umelala, maneno ya mtu aliye ng'ambo yanakufikia waziwazi, ambayo mchana usingeyapata. Watu wanasema ni ukimya wa usiku, na ukimya unasaidia kweli, lakini si huo tu. Sauti huenda kasi zaidi katika hewa ya joto, karibu mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Usiku tulivu hewa ya chini hupoa kuliko ya juu, upande wa juu wa wimbi la sauti unatangulia, na boriti inageukia chini, kwetu. Mchana juani mambo ni kinyume: sauti inapinda kwenda juu na kupotea.

Sasa yule wa tatu, "sauti inapindwa na maji". Sarufi yake haina kosa, maana "pinda" kinakubali kauli ya kutendwa. Mimi ningeandika "inapinda", kwa kuwa maji hayaishiki sauti na kuikunja. Inabadili mwendo tu, na majini inaongeza hadi karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo hupinda kinyume cha mwanga. Ila sauti ya hewani ikifika juu ya maji, karibu yote huakisiwa na ni kidogo mno inayozama. Mpe alama yake. Kisha muulize kwa nini wavuvi wakitaka kuwashtua samaki hugonga ubao wa mtumbwi badala ya kupiga kelele.