Mtoto wa miaka sita aliyetoka chekechea ya Montessori: aendelee au ahamie darasa la kawaida?

Dada yangu, umeuliza kama mwanao wa miaka sita, aliyemaliza chekechea ya Montessori huko Dodoma, aendelee na mfumo huo wa mtoto kujifunza kwa kushika zana mwenyewe mtakapohamia Lindi au aingie darasa la kwanza la kawaida, na umesema unahofia kwamba kumimina maji na kupanga vibao hakutamsaidia kitu kwenye upimaji wa darasa la nne. Mimi naishi Mtwara na binti yangu mkubwa amepita njia zote mbili, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyaona nyumbani kwangu.

Hofu yako inatokana na kudhani kwamba Montessori ya shule ya msingi ni chekechea iliyorefushwa, jambo ambalo hata mimi nililiamini kwa muda mrefu. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto, yaani chekechea, katika mtaa wa San Lorenzo jijini Roma mwaka 1907, alianza na wadogo ambao hawajafikia umri wa shule; mpango wa watoto wa miaka 6 hadi 12 aliukuza kwa sehemu kubwa baadaye, alipokuwa India pamoja na mwanawe Mario wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Aliona kwamba mtoto anapoanza kung'oka meno ya utoto hubadilika na tabia pia: yule aliyependa kushika na kupanga sasa anataka kujua sababu, anataka kufanya kazi na wenzake, na anakuwa hakimu wa nyumba nzima, huyu huyu anayekuja kushtaki kwamba kipande cha samaki cha mdogo wake ni kikubwa kuliko chake. Basi shule inayoendelea kumpa mtoto wa miaka minane kazi za kumimina maji haijaelewa mfumo inaoutangaza.

Nami niliangukia shule ya namna hiyo, na jina lake naliacha. Jina la Montessori halimilikiwi na mtu, kwa hiyo shule yoyote inaweza kuliandika kwenye kibao chake. Siku ya kwanza nilivutiwa na rafu: zana zote zimepangwa, hazina hata mchubuko. Nilipaswa kushtuka hapo hapo, kwa sababu zana zinazotumiwa na watoto ishirini huchakaa. Kumbe watoto walikuwa wakinakili ubaoni asubuhi nzima, na zile zana zilishushwa siku za wageni tu. Utakapotembelea shule, omba kuketi nyuma ya darasa tangu asubuhi. Tazama kama watoto wa miaka 6 hadi 9 wako chumba kimoja, kama wanaachiwa takriban saa tatu mfululizo za kufanya kazi bila kengele, na kama mwalimu anamwita mtoto mmoja au kikundi kidogo badala ya kuhutubia wote.

Usipoipata shule ya aina hiyo, usikate tamaa, maana mambo mawili yaliyomfaa zaidi binti yangu tuliyafanya kwetu barazani. La kwanza ni benki, mchezo wa hesabu ambao mimi nilikuwa mwenye benki nikimvunjia namba kubwa kuwa ndogo. Katika mfumo huu moja ni ushanga mmoja, kumi ni kijiti cha shanga kumi, mia ni mraba na elfu ni mchemraba, ili mtoto aushike uzito wa elfu kabla ya kuiandika. Baadaye anahamia kwenye vipande bapa, vya kijani kwa mamoja, bluu kwa makumi na nyekundu kwa mamia. Mimi nilikata vipande hivyo kutoka kwenye maboksi ya biskuti. (Mwanzoni nilitumia korosho zilizobanguliwa, kosa ambalo mtu wa Mtwara hakupaswa kulifanya, kwani akiba ya benki ilipungua kila dakika.) Nilimpa 2,304 toa 1,567. Alipokosa mamoja ya kutosha alikwenda kwenye makumi, akakuta patupu, akakaa kimya, kisha akachukua mia moja akaja nayo kwangu: "Baba, nivunjie hii." Nikampa makumi kumi, akarudisha moja nikambadilishia mamoja, na alipofika 737 hakuhitaji kuambiwa "kukopa" ni nini. Mimi mwenyewe nilikopa miaka saba ya shule ya msingi bila kujua nakopa kwa nani.

La pili ni kamba ya kupimia muda. Montessori ya umri huu huanza na visa vikuu vitano: kuumbika kwa ulimwengu, kuja kwa uhai, kuja kwa binadamu, maandishi na namba. Tulishuka ufukweni Shangani maji yakiwa yamekupwa, tukanyoosha kamba ya mita 45, kila mita ikiwa miaka milioni 100, ili yote itoshe umri wa dunia. Ninyi mtakaokuwa Lindi mna bahati, kwa sababu Tendaguru iko mkoani humo, mahali ambapo Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, na kiunzi kimoja chenye kimo cha zaidi ya mita 13 kimesimama makumbusho ya Berlin hadi leo. Dinosaria hao wa miaka milioni 150 iliyopita waliangukia mita moja na nusu tu kutoka mwisho wa kamba. Nilipomwonyesha kwamba binadamu wa leo tunachukua kama milimita tatu, aliinama akapima kwa ukucha, kisha akauliza kwa nini mifupa yetu iko Berlin. Swali hilo lilituchukua wiki nzima.

Kuhusu upimaji sitakuficha. Binti alipohamia shule ya serikali darasa la tatu alijua kueleza, lakini hakuzoea kuharakishwa, na mitihani miwili ya mwanzo aliiacha nusu. Tulitumia karatasi za miaka ya nyuma kila Jumamosi, saa mezani, na kufikia muhula wa pili alikuwa akimaliza. Mwanao akiingia darasa la kwanza la kawaida Januari, mwanzishie zoezi hilo mapema kuliko mimi, ila vile vipande vya boksi usivitupe.